SOMO: Kuvuta karavani kwa pikapu bila kuzidisha uzito

Wengi wetu huku Marekani tunakula kwa usukani. Ukiwa na semi, lile lori kubwa la tela refu, mizani huikwepi: pauni 80,000 jumla, 34,000 kwa ekseli mbili za pamoja, ukizidisha unalipa faini. Dereva huyohuyo Ijumaa jioni anafunga karavani ya familia nyuma ya pikapu, anapakia watoto, mkaa na jenereta, kisha anaingia barabara kuu bila kupima chochote. Ukimuuliza, jibu ni moja: "Hii inavuta 9,500." Pikapu nyingi za kawaida huishiwa uwezo wa kubeba kabla hazijakaribia uwezo huo wa kuvuta, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Karavani ninayoisema ni tela la kulala, lenye vitanda, jiko na choo, linalofungwa kwenye kiungio kilichoko chini ya bampa ya nyuma. Yale makubwa yanayokaa juu ya bodi kama tela la semi yana hesabu zake.

Hatua ya 1: Fungua mlango wa dereva

Kwenye nguzo ya mlango kuna stika. Ile ya matairi imeandikwa kwamba uzito wa watu na mizigo usizidi kilo kadhaa, au pauni kadhaa. Huo ndio uwezo wa kubeba wa gari lako wewe. Stika nyingine ina GVWR, yaani uzito wa mwisho wa gari likiwa na kila kitu, na GAWR mbili, yaani uzito wa mwisho wa ekseli ya mbele na wa ekseli ya nyuma. Zipige picha, zikae kwenye simu.

Namba ya mtandaoni isikudanganye. Pikapu mbili za jina moja na mwaka mmoja hupishana kwa mamia ya pauni kwa sababu moja imejaa viti vya ngozi na paa la kioo, nyingine ni ya kazi.

Na ile 9,500 inatoka wapi? Kampuni hupima kwa kanuni iitwayo SAE J2807, ambayo Toyota ilikuwa ya kwanza kuifuata, kwa magari ya mwaka 2011. Ni jaribio la kweli, ndani yake mna kupanda mlima wa Davis Dam kule Arizona. Ila kanuni inachukulia kuna dereva na abiria mmoja, kila mtu pauni 150. Familia zetu mnazijua.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kubeba

Tela halivutwi tu, linabebwa pia. Shingo yake, ile sehemu ya mbele inayofungwa kwenye pikapu, inakandamiza kiungio, na uzito huo unahesabiwa kama mzigo wa pikapu. Kwa karavani unatakiwa kuwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela. Mimi hutumia 13.

Chukua mfano wa pikapu yenye uwezo wa kubeba pauni 1,520. Baba 200, mama 160, watoto watatu 250. Kiungio chenyewe na vyuma vyake 90. Kwenye bodi, kuni, friji ndogo na vifaa, 120. Jumla 820. Zimebaki 700 za shingo. Gawa 700 kwa 0.13 unapata karibu pauni 5,380.

Hilo ndilo tela lako. Ile 9,500 muachie muuzaji.

Hatua ya 3: Nunua kwa GVWR ya tela

Muuzaji atakuonyesha uzito mtupu, kwa sababu unapendeza. Mara nyingi haujahesabu betri wala mitungi ya gesi, na hakika haujahesabu sufuria, godoro la ziada na maji. Galoni moja ya maji ni zaidi ya pauni 8, kwa hiyo tangi la galoni 40 likijaa ni pauni 330 na ushee. Angalia GVWR iliyobandikwa kwenye ubavu wa tela, uichukulie kwamba siku moja utaifikia.

Hatua ya 4: Kiungio

Tazama kibandiko kwenye kiungio cha pikapu. Mara nyingi kina namba mbili: uzito wa shingo bila springi za kugawa uzito, na ukiwa nazo. Ya kwanza kwa pikapu nyingi ni ndogo, na karavani ya ukubwa wa kawaida huivuka. Springi hizo ni vyuma viwili vinavyokazwa kati ya kiungio na shingo ya tela. Kazi yake ni kurudisha sehemu ya uzito kwenye tairi za mbele za pikapu, na nyingine kidogo kwenye ekseli za tela. Haziongezi namba ya stika ya mlangoni.

Hatua ya 5: Nenda mizani

Hapa ndipo madereva wa semi mna faida. Mizani ya CAT iliyoko kwenye vituo vya malori inapokea pikapu pia. Nenda siku umepakia kila kitu, watu wote ndani, tangi la mafuta limejaa. Tairi za mbele zikae sahani ya kwanza, za nyuma sahani ya pili, tela sahani ya tatu. Pima mara tatu: pikapu na tela springi zikiwa zimekazwa, kisha zikiwa zimelegezwa, kisha uegeshe tela pembeni upime pikapu peke yake. Usilegeze wala kufungua tela juu ya mizani huku foleni ya malori inakusubiri. Toka, sogea pembeni, rudi.

Tuseme karatasi zimetoka hivi, kwa pikapu yetu yenye GVWR 6,900 na GAWR ya nyuma 3,800:

Pikapu peke yake: mbele 3,300, nyuma 2,900. Jumla 6,200.
Na tela, springi zimelegezwa: mbele 3,010, nyuma 3,840, tela 4,350.
Na tela, springi zimekazwa: mbele 3,180, nyuma 3,570, tela 4,450.

Zisome taratibu. Bila springi, pikapu imetoka 6,200 hadi 6,850, kwa hiyo shingo ni pauni 650. Jumla yote ni 11,200. Toa 6,200, tela zima ni 5,000. 650 kwa 5,000 ni asilimia 13, safi. Lakini angalia mbele: imepungukiwa pauni 290. Tairi za mbele ndizo zinazokata kona na kubeba sehemu kubwa ya breki, na zimenyanyuliwa. Nyuma nako, 3,840 imevuka 3,800. Kwa macho ungeona pikapu imekaa chini kidogo tu. Springi zilipokazwa, mbele ikarudi 3,180, nyuma ikashuka hadi 3,570. Gari hilo linasafiri.

Linganisha pia jumla ya 11,200 na GCWR, uzito wa mwisho wa gari na tela kwa pamoja. Huo upo kwenye kitabu cha gari.

Hatua ya 6: Kabla ya kuondoka na ukiwa njiani

Minyororo ipishane chini ya shingo, ili shingo ikichomoka iangukie juu ya minyororo na si kwenye lami. Waya wa breki ya dharura ufungwe kwenye pikapu penyewe, usiufunge kwenye mnyororo. Seti kidhibiti cha breki za tela mahali patupu, kwa mwendo wa maili 25 kwa saa: tairi za tela zikijifunga, punguza, tela likikusukuma, ongeza. Kaza nati za tairi tena baada ya maili 50 hadi 100 za kwanza ukishafungua gurudumu.

Tairi za tela zenye herufi ST nyingi ni za mwisho maili 65 kwa saa, isipokuwa zimeandikwa vinginevyo. California sheria ni 55 kwa gari lolote linalovuta tela. Tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Karavani hukaa uani miezi mingi, tairi inazeeka huku kashata zake bado nzima.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nimeshanunua la GVWR 7,600 na pikapu yangu ni kama hiyo ya mfano. Niuze?

Pima kwanza, mkuu. Safiri na tangi la maji tupu, ujaze ukifika kambini. Kuni nunua hukohuko. Mtu mzima mmoja na watoto wapande gari lingine. Vitu vya bodini ukivihamishia kwenye tela, kama sehemu ya nane hivi ya uzito wake hurudi kupitia shingo, kwa hiyo unapata nafuu ya kweli. Ukifanya yote hayo na mizani bado inakataa, basi ndiyo, kimoja kiondoke.

Nikiweka mifuko ya hewa kwenye springi za nyuma za pikapu si nitaongeza uwezo wa kubeba?

Hapana. Itanyanyua mkia wa gari lionekane limenyooka, basi. Ekseli, breki na stika ni zilezile. Na tairi za mbele hazitarudishiwa uzito wake. Mifuko haihamishi mzigo kwenda mbele.

Semi zikinipita I-80 kule Wyoming tela linaanza kuchezesha mkia. Nifanyeje?

Ukiwa ndani ya tatizo: ondoa mguu kwenye mafuta, usikanyage breki ya gari, shika usukani umenyooka, sukuma kwa mkono kile kitasa cha kidhibiti ili breki za tela peke yake zishike. Tela litanyooka. Usijaribu kulikimbia kwa kuongeza mwendo.

Likitulia, simama mahali salama utafute sababu. Aghalabu shingo ni nyepesi: baiskeli zimening'inizwa nyuma ya tela, au tangi la maji lililo nyuma ya ekseli limejaa. Na upepo wa Wyoming ukiwa mkali, egesha. Hata sisi wa semi tunaegesha.

Shikamoo kaka. Mume wangu anasema kuvuta hivi lazima uwe na CDL, leseni ya malori makubwa. Ni kweli?

Marahaba dada. Si kweli kwa hesabu za namna hii. CDL daraja A inaanzia uzito wa pamoja wa pauni 26,001 kwenda juu, na tela liwe limezidi 10,000. Majimbo machache yana leseni ya ziada kwa matela mazito ya kusafiria, kwa hiyo soma kitabu cha leseni cha jimbo lako. Endesha wewe, dada, yeye asome stika.

Kushuka mlima kutoka handaki la Eisenhower kule Colorado kwenda Denver unatumia gia gani?

Washa kitufe cha kuvuta tela kabla hujaanza kushuka, halafu ushushe gia hadi injini yenyewe ishikilie mwendo. Breki kanyaga kwa nguvu kidogo kwa muda mfupi, punguza maili tano hivi, achia zipoe. Ukisikia harufu ya breki, toka barabarani, usimwagie maji, subiri.