Kuunda ulimwengu wa mashujaa wa mezani wenye sura ya sinema, Kusini

Sinema inayotokana na vitabu vya katuni hukata sana. Hadithi za miaka mingi hubanwa ndani ya saa mbili: chanzo kimoja cha nguvu, maadui wachache, mandhari zilezile. Mchezo wenu wa kuigiza wahusika, ule wa mezani ambao mmoja anasimulia, wengine wanaigiza mashujaa na dadu zinaamua, nao ukatwe hivyo hivyo.

Anza na chanzo cha nguvu. Kusini mwa Tanzania kipo tayari: Tendaguru, Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na leo imesimamishwa makumbusho ya Berlin. Sasa tunga: vipande kadhaa vilibaki njiani, na wajukuu wa wapagazi hao wakivigusa hupata nguvu. Ishia hapo. Ukiongeza jini wa Mikindani na ajali ya mtambo wa gesi, wachezaji hawataweza kukisia nani ana nguvu na kwa nini, na upelelezi wote utakufa.

Nguvu iwe na gharama ya kuonekana kwa macho. Anayeitumia hugeuka jiwe kuanzia mkononi: kwanza kucha, kisha kiganja, kisha kiwiko. Likifika kwenye kiwiko, mkono haushiki kitu mpaka alfajiri. Kuandika tu "anachoka" hakusaidii, mezani uchovu hauonekani.

Adui mpe hoja ya haki, hili ndilo la maana kuliko yote. Anadai mifupa irudishwe kutoka Berlin, na wachezaji wengi watakubaliana naye. Ubaya uwe kwenye njia yake: amefunga gati la Mtwara katikati ya msimu, korosho za wakulima zimekwama ghalani, na malipo hayatoki. Hapo steringi hawezi kumaliza mambo kwa ngumi.

Mandhari tano zinatosha: gati, uchochoro wa nyumba za mawe Mikindani, ghala la korosho, Tendaguru na Daraja la Umoja juu ya Ruvuma. Kila mahali weka mtu mmoja wa kudumu, mfano mama anayekaanga pweza karibu na gati, ambaye wachezaji wanamwamkia kila kipindi. Akitoweka siku moja, watashtuka bila wewe kueleza. Na asiwepo wa kupaa. Lindi hadi Mtwara ni kilomita mia na ushee, na umbali huo ndio unaoleta presha ya muda.

Kuamua bahati, tumia dadu mbili za pande sita. Jumla ya 10 na zaidi ni ushindi, 7 hadi 9 ni ushindi wenye gharama (jiwe linapanda hatua moja), 6 kushuka chini adui anasonga mbele. Bila nyongeza, yaani namba ya kujumlisha kwenye dadu, mchezaji hushindwa mara 15 kati ya 36, nyingi mno kwa shujaa. Mpe nyongeza ya 2 pale nguvu yake inapohusika, atashindwa mara 6 tu. Ukimpa 3 anashindwa mara 3, na roho za wachezaji hazidundi tena.