Kabla ya kuchora ramani ya nyumba yenye studio, Arusha na Moshi

Ramani nyingi za nyumba ya msanii huanza na vyumba vya kulala, kisha studio inatupiwa kona iliyobaki, mara nyingi magharibi, nyuma ya jiko. Geuza mpangilio huo. Kitanda kinakaa popote. Kazi ya rangi haikai popote.

La kwanza ni jua. Vitabu vya Ulaya humwambia mchoraji afungue dirisha kubwa upande wa kaskazini apate mwanga usiobadilika siku nzima. Huko ni sahihi. Huku tupo takriban nyuzi 3.4 kusini mwa ikweta, na jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 12 Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Masika na kipupwe chote liko kaskazini. Kuanzia Oktoba hadi Machi liko kusini. Dirisha la kusini lina nafuu, kwa kuwa jua la Desemba haliinami sana kama la Juni, ila kinachookoa kazi ni upenu. Ukitaka kioo chote kibaki kivulini mwaka mzima, kuanzia kama saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, upenu wa kusini utokeze zaidi kidogo ya nusu ya kimo cha dirisha, na wa kaskazini sehemu saba za kumi. Kwa dirisha la kimo cha mita 1.5, hiyo ni sentimita 80 kusini na mita 1.05 kaskazini, upenu ukiwa usawa wa juu wa dirisha. Ukiwa juu zaidi, urefushe. Kikofia kidogo juu ya dirisha hakitoshi, maana asubuhi jua huingia kwa ubavuni; upenu upite ukuta mzima.

Mashariki na magharibi usiweke kioo kikubwa. Bati la plastiki linalopitisha mwanga nalo ni kosa la bei rahisi: saa sita jua linashuka wima hadi kwenye kanvasi, na joto la Moshi la Februari linamalizia. Mwanga wa ukutani usipotosha, inua sehemu ya paa uweke dirisha la wima linaloangalia kusini. Tazama pia kilichopo nje. Migomba iliyo mita mbili kutoka dirishani hutia ukijani kila rangi unayochanganya, na uwanja wa udongo mwekundu hutia wekundu. Kwa kazi ya usiku, nunua taa za LED ambazo boksi lake limeandikwa CRI 90 au zaidi (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi), zenye mwanga wa kelvini 4000 hadi 5000, yaani mweupe usio wa njano.

Ukubwa wa chumba utokane na kazi kubwa kuliko zote unazofanya. Ili kuiona picha nzima unahitaji kurudi nyuma angalau mara mbili ya upana wake, kwa hiyo picha ya mita 2.4 inadai karibu mita 5 za wazi mbele yake, na meza bado haijahesabiwa. Dari la mita 3.3 linatosha wengi. Sakafu iwe ya saruji iliyosuguliwa. Vigae vinavyong'aa huteleza na hurudisha mwanga usoni.

Harufu na moto visichukuliwe kirahisi. Mvuke wa tapentaini, ya kuyeyushia rangi ya mafuta, ni mzito kuliko hewa, hivyo tundu la kutolea hewa liwe chini karibu na sakafu, na jingine juu upande wa pili. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya mbegu za kitani hujipasha joto vinapokauka na vinaweza kuwaka vyenyewe vikirundikwa. Viweke kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko, nje ya nyumba. Mchonga mpingo ana adui mwingine, vumbi. Huwasha ngozi na kifua, kwa hiyo kukata na kupiga msasa kufanyike kwenye kibanda tofauti, upande ambako upepo haulielekezi vumbi chumba cha watoto. Mlango kati ya studio na nyumba uwe mmoja, mzito, na mteja asipite jikoni kwenda kuona kazi.

Mfinyanzi aulize umeme mapema. Tanuri la kilowati 6 huvuta takriban ampea 26 kwenye volti 230, hivyo lidai waya wake na sakiti breka yake toka kwenye bodi kuu ya umeme. Likiwaka kwa nguvu zote saa 8, ni uniti 48 za LUKU. Maji ya sinki la kuoshea udongo na plasta yapite kwanza kwenye ndoo mbili za kutuamisha, la sivyo bomba litaziba na fundi atavunja sakafu.

Udongo wa mbuga, ule mfinyanzi mweusi, hupanuka masika na kupasuka kiangazi. Kuta nazo hufuata. Chimba shimo la majaribio kabla ya kukadiria gharama za msingi. Maji ya chini kuzunguka Meru yana floridi nyingi sehemu kadhaa, kwa hiyo ya kunywa pima au vuna ya paa: milimita 20 za mvua kwenye paa la mita za mraba 80 ni lita 1,600 kabla ya upotevu.

Kazi zilizokamilika zihifadhiwe wima, sentimita 15 juu ya sakafu na mbali kidogo na ukuta, kwa kuhofia mchwa na ukungu wa masika.

Halmashauri itataka kibali cha ujenzi, na kama wateja watakuja, uliza mapema matumizi yaliyoandikwa kwenye hati: makazi tu, au makazi na biashara. Mwisho pima mlango. Picha ya mita 1.8 kwa 2.4 ni ngumu kuipitisha kwenye kona za korido nyembamba, na bodi ya kirikuu, ile pikapu ndogo, ni kama mita 1.4 kwa 1.9, kwa hiyo picha hiyo haitalala chini. Acha nafasi ya gari kubwa zaidi kurudi kinyumenyume hadi mlangoni mwa studio.