Kabla ya Kufunika Mzigo wa Trela Wazi, Elewaneni Kuhusu Malipo

Lori lisilo na kuta lisiondoke mahali pa kupakilia kabla mwenye lori na mwenye mzigo hawajakubaliana ni nani atakayefunika na ni nani atakayemlipa. Turubai likaguliwe matundu likiwa limetandazwa chini. Kamba za akiba ziwepo. Ncha za nondo na kingo za mabati zizibwe kwa magunia au vipande vya tairi kuukuu, kwa kuwa zinakata turubai njiani. Msisubiri mawingu, hasa Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba.

Linaloumiza wengi ni ufunikaji wa mara ya pili. Dereva mmoja ninayemfahamu alipakia mabati Mombasa kwenda Gulu, kaskazini mwa Uganda, na malipo ya kufunika yalikuwa yamejumlishwa katika nauli. Walipofika Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, maofisa wa forodha walitaka kuuona mzigo, jambo ambalo ni haki yao, na turubai likafunguliwa lote. Vijana wa kufungua walilipwa, lakini wa kufunga tena hawakuwa wametajwa popote, na mwenye mzigo alipopigiwa simu alijibu kwamba nauli ameshailipa. Dereva na tanboi wake, yaani msaidizi wa lori, walilifunga wenyewe usiku, wakiwa wamechoka. Kamba za mbele zikalegea, upepo ukaingia chini ya turubai, na kabla ya Soroti mvua ilikuwa imekwisha kupenya. Mabati ya zinki yaliyobanana yakilowa hayakauki, bali maji hubaki katikati yake na kuzaa kutu nyeupe. Mpokeaji aliandika kasoro hiyo kwenye hati ya kupokelea mzigo, na hasara ikakatwa katika nauli ya dereva, ambaye hakuwa ameamuru turubai lifunguliwe.

Basi gharama ya kufunika iandikwe katika ankara peke yake, mbali na nauli, ikihesabiwa kwa idadi ya watu, saa zao na uchakavu wa turubai. Na iandikwe wazi kwamba kila ufunguzi wa ukaguzi utalipiwa upya, kufungua na kufunga. Pigeni picha kabla ya safari na baada ya kila ukaguzi. Tanboi asipandishwe peke yake juu ya mzigo uliolowa, maana anateleza. Saruji itandikiwe turubai jingine chini. Kila mnaposimama, zungukeni lori mkazikaze kamba, hata kama anga ni jeupe.