Jinsi ya Kupiga Picha Mchoro Kabla Haujaondoka Nyumbani

Mchoraji akishauza turubai, kinachobaki kwake ni picha aliyoipiga, na ndiyo maana picha hiyo inastahili uangalifu ule ule alioutumia kuchora. Mimi huchora na kupiga picha hapa Kisumu, na bado ninasikitikia mchoro wa mitumbwi ya ufuko wa Dunga ambao niliupiga picha ukiwa umeegemezwa kwenye nyasi za uani: tanga jeupe lilitoka na ukijani, na mnunuzi alikuwa amekwisha kuondoka nao.

Nyasi, kuta za rangi na mabati mapya hurudisha rangi yao juu ya mchoro, kwa hiyo utafute baraza yenye kivuli na sakafu ya saruji, au ungoje siku ya mawingu. Jua letu la karibu na ikweta husimama utosini saa sita mchana, likaufanya kila mpako wa brashi ung'ae au utupe kivuli. Flashi uizime kabisa.

Utundike mchoro ukutani, usiuegemeze, na uunyooshe kwa pima maji ya fundi. Kamera ikae juu ya stendi, lenzi ikilingana na kitovu cha mchoro. Upo ujanja ninaoupenda kuliko vyote: mwenzako ashikilie kioo kidogo kikiwa bapa juu ya kitovu hicho, nawe uisogeze kamera mpaka uione lenzi yenyewe katikati ya kioo, hapo kingo za turubai zitatoka zimenyooka bila kusahihishwa.

Tumia lenzi ya milimita 50 au zaidi, kwa sababu lenzi pana, yaani inayoona eneo kubwa, ikiwa karibu hupinda kingo. Mwenye simu arudi nyuma hatua chache na kukuza mara 2. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iwe 100, tundu la lenzi f/8, na kipima muda sekunde 2 ili kidole kisitikise kamera. Picha ya kwanza iwe na karatasi nyeupe kando ya mchoro, nayo itakuongoza katika kusawazisha rangi.

Rangi ikiwa nene, piga moja zaidi kwa karibu, mwanga ukitoka ubavuni, kwani hiyo ndiyo inayomwonyesha mtazamaji mkono wako. Fanya haya yote kabla ya vanishi, ambayo mara nyingi huzidisha mng'aro.

Faili lipewe jina la mchoro, mwaka na vipimo kwa sentimita, na lihifadhiwe mahali pawili. Huenda ukalihitaji kwa muda mrefu, kwani Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huilinda kazi ya sanaa katika maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake.

Kabla mnunuzi hajafika, ilinganishe picha na mchoro wenyewe karibu na dirisha, nyeupe kwa nyeupe na nyeusi kwa nyeusi, na zikitofautiana, rudia mwanga ungalipo.