Taa ya upepo wa tairi: anza na geji

Shemeji yangu aliegesha gari Mokowe, akavuka kwenda Lamu, akakaa huko mfungo mzima. Aliporudi alikuta tairi zote nne zimelegea, na taa ya dashbodi kimya. Haya ndiyo niliyomwelekeza.

1. Jua mfumo wako. Gari likikuandikia namba ya kila tairi, basi ndani ya kila gurudumu mna sensa iliyoshikana na valvu, ina betri yake na inatuma kipimo kwa redio. Lisipoandika, yamkini halipimi upepo hata kidogo. Linasoma sensa za ABS (breki zisizojifunga), zinazohesabu mizunguko ya kila gurudumu: tairi iliyopungua upepo hupungua kimo kidogo, kwa hivyo huzunguka haraka kuliko wenzake. Zikilegea zote nne sawasawa, hakuna ya kulinganisha nayo.

2. Tazama taa. Ikiwaka ikatulia, upepo umepungua. Ikipepesa kama dakika moja ndipo itulie, mfumo wenyewe ni mbovu.

3. Pima tairi zikiwa baridi. Hapa ndipo watu hupotea. Baridi maana yake gari limelala, au limesimama saa tatu na zaidi, tena kabla jua halijapiga upande mmoja. Tairi iliyotoka Mombasa mchana mpaka Malindi inaweza kupanda psi 4. Fundi wa pancha akiona 36 atakupunguzia ifike 32. Alfajiri utakuta 28. Na kwa mfumo wa ABS, ukibonyeza kitufe cha SET (cha kuliambia gari likariri upepo uliopo) wakati huo, gari linakariri upungufu huo kuwa ndio sawa, halafu tairi itashuka sana kabla hujaonywa. Fuata kibandiko cha mlango wa dereva. Namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, usijaze hadi hapo. Na geji nunua yako. Zile za kwenye mashine za upepo siziamini, zimeangushwa mno.

4. Weka upya (ABS). Shikilia SET mpaka taa ipepese mara tatu, ndivyo zilivyo Toyota nyingi. Endesha.

5. Valvu (wenye sensa). Nyingi ni za alumini, na chumvi ya huku pwani huigandisha na kile kisindano cha shaba kilicho ndani. Dai kilichopakwa nikeli, na vifuniko vya plastiki, hata kama vya chuma vinang'ara.

Betri hudumu miaka 5 hadi 10, ikifa unabadilisha sensa nzima. Uliza masafa ya redio ya sensa kabla ya kulipa: gari nyingi za soko la Japani ni 315 MHz, za Ulaya 433. Ukifunga isiyo yake, taa itaendelea kupepesa.