Kuita DLL ya .NET kwenye ASP ya zamani, usisubiri mfumo mpya

Kama unatunza mfumo wa ASP ile ya zamani (teknolojia ya Microsoft ya kutengeneza tovuti), ya VBScript, iliyotoka 1996, na nywila za watu zimekaa wazi wazi kwenye databesi, usisubiri siku bosi atakubali mfumo uandikwe upya, hiyo siku inaweza isifike na watu wako hatarini leo. VBScript haina kitu cha kuhashi nywila vizuri (kuzigeuza kuwa maandishi yasiyorudishika kuwa nywila) ila .NET inacho, Rfc2898DeriveBytes, na ASP inaiita DLL ya .NET (faili la kodi iliyokompailiwa) kupitia COM, njia ya Windows ya programu moja kuita nyingine, vile vile inavyoita ADODB ya kusoma databesi kila siku.

Andika klasi kwa C# kwenye .NET Framework 4.8. Iwe public, iwe na konstrakta isiyo na parameta, na juu yake weka:

[ComVisible(true), ProgId("Duka.Nywila")]

na Guid yako mwenyewe (namba ya kipekee ya kuitambulisha klasi). Ndani yake weka fanksheni Hakiki, inayopokea nywila na hashi na kurudisha bool kama zinalingana. Fanksheni usiandike static, COM haizioni kabisa. Rudisha string, int au bool tu, maana long ya C# VBScript inaikataa, na string[] ukitaka kusoma (0) inakupa Type mismatch, hapo rudisha object[].

Afu fungua dirisha la komandi kama Administrator, rejista DLL yako (hapa Duka.dll) ili Windows iijue, /codebase inaandika faili liko wapi:

C:\Windows\Microsoft.NET\Framework64\v4.0.30319\RegAsm.exe Duka.dll /codebase

Sasa hapa ndo wengi tunakwama, mimi nilimaliza siku mbili nabadilisha kodi ambayo haikuwa na shida yoyote. Angalia application pool (prosesi inayoendesha tovuti yako) kwenye IIS, seva ya wavuti ya Windows, kama Enable 32-Bit Applications ni True basi tumia RegAsm iliyoko folda ya Framework, sio Framework64, na mifumo mingi ya zamani iko hivyo kwa sababu ya Access, drayva ya Jet 4.0 ipo ya biti 32 peke yake. Soma namba ya kosa: 80040154 mara nyingi ni biti hazilingani, 800401f3 ni jina umekosea au hujarejista, 80070002 umesahau /codebase au umehamisha faili.

Kwenye ukurasa:

Set h = Server.CreateObject("Duka.Nywila")
If h.Hakiki(Request.Form("nywila") & "", rs("hashi") & "") Then

Hiyo & "" usiiache, Request.Form na rs (recordset, matokeo ya databesi) zinarudisha objekti, sio maandishi matupu, na rs inaweza kuwa Null.

Ukibadilisha DLL, IIS inakuwa imeishikilia faili, so simamisha pool kwanza, kopi, iwashe tena.

Na kwa vile nywila zilikuwa wazi huna haja ya kusubiri kila mtu alogin, jaribu kwanza kwenye kopi ya databesi, afu usiku piga lupu moja uhashi zote, hakikisha watu wanaingia, kisha futa ile kolamu ya zamani pamoja na bakapu zenye nywila hizo.