SOMO: Jinsi ya kutafuta jeni inayotofautisha mbegu moja na nyingine (mfano wa tanini kwenye mtama)

Kila baada ya muda mtu anaweka picha ya masuke mawili ya mtama, moja jekundu na jingine jeupe, anauliza: "Jeni yake ni ipi?" Nimeshajibu vipande vipande vya kutosha. Leo naweka yote mahali pamoja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Natumia tanini kwa sababu jeni zake zinajulikana. Ukifuata hatua vizuri, unajua ulipaswa kufika wapi. Tena ni sifa inayotugusa: tanini ndiyo ule ukakasi unaokausha ulimi, na ndiyo inayowachukiza kweleakwelea.

Hatua ya 1. Chagua sifa moja inayopimika. "Mbegu bora" si sifa.

Hatua ya 2. Kusanya mbegu za asili zinazotofautiana, mia kadhaa ukiweza. Kuna benki za mbegu Muguga na Arusha, na ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao iliyoko India, wanahifadhi sampuli zaidi ya 40,000 za mtama. Andika kila mbegu ilikotoka.

Hatua ya 3. Panda kwa marudio, mpangilio uwe wa bahati nasibu, misimu miwili. Funika masuke kwa mifuko ya karatasi kabla hayajachanua. Mtama hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, lakini si wote.

Hatua ya 4. Kupima. Hapa usikimbie. Rangi ya nje ya punje si tanini. Wekundu unakaa kwenye ganda la juu. Tanini inakaa kwenye utando mwembamba ulio chini ya ganda hilo. Upo mtama mwekundu usio na tanini hata kidogo, na upo mweupe kwa nje wenye tanini ndani. Kwa hiyo usipime kwa macho. Loweka punje kwenye jiki iliyotiwa kostiki soda, dakika kama 20, kisha suuza na anika kwenye karatasi. Zenye tanini zinageuka nyeusi punje nzima. Zisizo nayo zinapauka, pengine zikabaki na doa la kahawia pale kwenye kiini tu. Kila mara weka pembeni mbegu mbili unazozijua, moja yenye tanini na moja isiyo nayo, ndipo uamini ulichokiona. Vaa glavu na miwani, na kamwe usichanganye jiki na siki wala asidi yoyote, inatoa gesi ya sumu.

Onyo kubwa zaidi: ule utando ni mwili wa mmea mama. Punje unayoitazama inakuonyesha jeni za mmea ulioizaa, haikuonyeshi jeni za mche utakaoota kutoka humo. Ukipima punje, ukaiotesha, ukachukua DNA ya mche wake, umeunganisha sifa ya mzazi na DNA ya mtoto. Kwa mbegu ya asili iliyotulia hutaona tatizo. Kwa mbegu zilizotokana na kuchavusha aina mbili, data yote imeharibika, na hakuna programu itakayokuambia. Jani la DNA na punje za kupima vitoke kwenye mmea mmoja, wenye lebo moja.

Hatua ya 5. Toa DNA kwenye majani machanga, peleka maabara isome alama za vinasaba, yaani sehemu za DNA zinazotofautiana kati ya mbegu na mbegu. Ondoa alama zinazoonekana kwa chini ya asilimia 5 ya mbegu zako.

Hatua ya 6. Linganisha kila alama na sifa kwa programu. Kila alama inapata p, yaani uwezekano wa kuona uhusiano kama huo kwa bahati tu; kwenye grafu, alama zenye p ndogo sana zinasimama kama vilele. Lakini kwanza undugu wa mbegu. Kazi nyingi zinafia hapa. Mtama una koo tano kuu: bicolor, guinea, caudatum, kafir na durra. Guinea imeshamiri Afrika Magharibi, kafir kusini, durra Ethiopia na Uarabuni. Mbegu za ukoo mmoja zinafanana kwa maelfu ya alama. Ukoo mmoja ukiwa na tanini zaidi ya mwingine, basi kila alama ya ukoo huo itaonekana kama "jeni ya tanini", na utapata vilele kwenye kromosomu zote 10. Ukiona vilele kila mahali usifurahi, huo ni undugu. Tumia modeli mseto inayoweka ukoo na undugu wa jozi kwa jozi kwa pamoja. Programu za TASSEL, GAPIT na GEMMA zote zinafanya hivyo, na TASSEL ndiyo rahisi kwa anayeanza. Halafu chora grafu ya p zilizotarajiwa dhidi ya zilizopatikana. Mstari ukiachana na ulalo tangu mwanzo, undugu bado haujadhibitiwa. Rudi nyuma.

Hatua ya 7. Weka kizingiti cha p: 0.05 gawanya kwa idadi ya alama. Alama 265,000 zinakupa takriban 0.00000019.

Hatua ya 8. Kilele si jeni. Kilele ni mtaa tu, nyumba bado hujaijua. Jeni ya Tan1, iliyoko kromosomu ya 4 na kutangazwa mwaka 2012, inafundisha vizuri hapa. Imeharibika kiasili kwa njia mbili tofauti: kwenye aleli (toleo la jeni) moja herufi moja ya DNA, G, imedondoka, kwenye nyingine herufi 10 zimeingia. Zote mbili zinaua tanini. Sasa kila alama ya jirani inafuatana na hitilafu moja na kuiacha nyingine, hivyo alama yenye p ndogo kuliko zote inaweza kuwa mbali na jeni yenyewe. Usichukue jeni iliyo karibu na ncha ukaiita jibu. Orodhesha jeni zote za eneo hilo, soma mfuatano wake kwenye mbegu zenye sifa na zisizo nayo, tafuta iliyovunjika.

Hatua ya 9. Thibitisha. Tan1 ya mtama iliingizwa kwenye mmea wa Arabidopsis uliopoteza tanini, na tanini ikarudi. Huo ndio ushahidi.

MASWALI YA WANACHAMA

haraka_haraka: Mkuu naomba tu jina la jeni ya mtama mwekundu, ripoti ni kesho.

*Jibu:* Soma hatua ya 4.

Binti_Kondoa: Shikamoo mwalimu. Nimechavusha mweupe kwa mweupe, wazazi wote wawili hawana tanini, nilipima. Lakini mimea ya kizazi cha kwanza imetoa punje nyeusi tupu kwenye jiki. Nimechanganya mbegu?

*Jibu:* Marahaba binti. Inawezekana kabisa hukuchanganya, na umepata kitu kizuri. Tanini inahitaji jeni mbili zote zifanye kazi: Tan1, na Tan2 iliyoko kromosomu ya 2. Mzazi mmoja alikosa ya kwanza, mwenzake akakosa ya pili, mtoto amepata nzima kutoka kila upande. Otesha kizazi cha pili, upime punje za kila mmea peke yake. Tarajia mimea 9 yenye tanini kwa 7 isiyo nayo. Usitarajie kuuona mgawanyiko huo kwenye punje ulizo nazo sasa. Utando wake wote ni wa mama mmoja. Tuletee matokeo.

Kijana_Maabara: Mbegu 60, kilele kromosomu ya 7, p 0.0001. Niandike makala?

*Jibu:* Hapana. Ukiwa na alama 200,000, kama 20 zitafika hapo kwa bahati tu. Undugu uliweka?

Kijana_Maabara: Nilitoa kwa sababu ukiwekwa vilele vyote vinapotea. Si kila mtu ana mbegu mia tatu.

*Jibu:* Basi havikuwa vilele. Sikukatazi kufanya kazi na kidogo ulichonacho, nakataza kukiita jeni. Ila nikuongezee hili: sifa ikifuatana sana na ukoo, modeli inaweza kufuta hata jeni ya kweli. Dawa yake ni kuchavusha mzazi mwenye sifa na asiye nayo. Kizazi cha pili kinavunja ukoo.

Mzee_Kigezi: Huku kwetu mtama mchungu tunauloweka kwenye maji ya majivu, unaota kidogo, ndipo tunasaga. Uchungu unapungua.

*Jibu:* Asante sana mzee. Majivu ni alkali, na alkali inaipunguzia tanini nguvu ya kushika protini. Ndiyo maana wakulima hawakuutupa mtama wenye tanini: ndege wanaukwepa, na jikoni kuna njia ya kuutibu.

mche_mpya: Sina pesa za kusoma DNA ya mimea 200. Niache?

*Jibu:* Usiache. Chukua kizazi cha pili cha mchavusho mmoja. Changanya majani ya mimea 30 yenye tanini kwenye mfuko mmoja, na ya mimea 30 isiyo nayo kwenye mfuko wa pili, kila mmea kiasi sawa. Unalipia sampuli mbili tu. Karibu kila mahali aleli zitakaribiana kwa uwiano kwenye mifuko yote miwili. Pale zinapoachana sana ndipo penye jeni. Njia hii inatumika tangu 1991. Lakini pima punje za kila mmea mara mbili kabla ya kuchanganya, kwa sababu mmea mmoja ukiingia mfuko usio wake huwezi kuutoa tena.

mche_mpya: Nikiwa na wazazi kama wa Binti_Kondoa?

*Jibu:* Utaona maeneo mawili, kromosomu ya 2 na ya 4. Mfuko wa wasio na tanini utakuwa na mchanganyiko, maana wengine wamekosa jeni hii na wengine ile, kwa hiyo tofauti itakuwa hafifu kuliko ukianza na jeni moja. Ongeza mimea kila mfuko.